Waya Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa senene, mwanangu, nilipoinua boneti ya Landrova ya kijiji chetu cha Buganguzi nikakuta ndani yake waya ambao sikuufunga mimi. Nilikuwa kijana wa chuo kikuu, plasi mkononi, na moyoni nilikuwa na haja moja tu, kusafisha jina langu. Ngoja nikueleze jina lenyewe lilikuwa limechafuliwa na nini. Wewe umezaliwa umekuta umeme ukutani, na si rahisi kwako kujua jinsi taa mbili za gari zinavyoweza kuingia katika maisha ya watu zisitoke tena.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Kwingine watu walihamishwa, wakaacha nyumba zao na kwenda kujenga upya kando ya barabara. Kwetu hatukuhamishwa, kwa kuwa mgomba hauhami na mbuni hauhami, na Mhaya bila kibanja chake, shamba lake la migomba, ni mgeni hata kwake. Tuliandikwa tu kuwa kijiji pale pale tulipokuwa tumeketi, tukapewa mwenyekiti, ghala la kahawa, na Landrova moja kuukuu iliyokuwa imekwishatumikia mabwana wengine kabla yetu. Gari hilo lilibeba magunia ya kahawa, mbolea, maharusi na wagonjwa. Dereva wake alikuwa kaka yangu Jovin.

Jovin alikuwa mtu wa maneno machache na mikono mingi. Mimi nilikuwa kinyume chake, na kama umewahi kunisoma utakubali kwamba sijabadilika sana. Yeye aliacha shule ili ada moja iliyotoka kwenye kahawa yetu inisomeshe mimi. Hakulitaja jambo hilo hata siku moja, nami kwa miaka mingi nililichukulia kama mtu anavyochukulia mvua ya vuli, kwamba ni desturi yake kunyesha.

Sasa, barabara yetu ile unaijua. Inapanda na kushuka, na asubuhi ukungu unatoka ziwani unaingia mabondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Jovin alikwishawahi kutumbukia mtaroni na mgonjwa nyuma. Mwenyekiti akasema gari liongezewe taa za ukungu. Nilipokuja likizo nikapitia Bukoba mjini, na nyuma ya gereji moja nikapata taa mbili kwenye lori lililokufa, pamoja na rilei nzima, ile swichi ya umeme mzito. Nikazibeba kwenye mfuko wa vitabu. Vitabu nilivishika mkononi ili watu wavione.

Kazi ya kuzifunga niliifanya mbele ya ghala, na kijiji kizima kikaja kutazama. Kwanza nilieleza. Mtu wa chuo kikuu hafungi skrubu kabla hajaeleza. Nikasema kwamba taa hizi zina njaa kubwa. Ukizilisha kwa kupitia swichi ndogo ya ndani, swichi itaungua. Kwa hiyo umeme mzito utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, uingie kwenye rilei, ndipo uende kwenye taa. Swichi ibaki na kazi ya kutoa amri tu. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ameelewa: swichi ni yeye, rilei ni wanakijiji. Watu wakacheka mpaka mbuzi wakakimbia.

Jambo moja nililifanya kwa makini kuliko yote. Ile amri ya swichi niliichukua kwenye waya unaopata umeme pale tu funguo ya gari inapowashwa. Funguo ikitolewa, taa zinazima, hata kama swichi imesahauliwa. Betri yetu ilikuwa nzee, na betri mpya miaka ile ilikuwa kitu cha kusikia kwa watu waliofika mbali. Mtu akiiacha taa inawaka usiku, asubuhi betri ni jiwe. Na funguo yenyewe haikulala kwa Jovin. Ililala kwa mwenyekiti, kwa kuwa gari lilikuwa mali ya wote, na mali ya wote hulindwa na mmoja.

Jovin alinishikia bisibisi muda wote. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Na mtu asiye na funguo, hawezi kuziwasha?"

Nikamwambia hawezi, na awe na amani. Nilidhani anawaza wezi.

Hapo ndipo inanibidi nikuambie habari za Koku, mke wake, na habari za senene.

Kokushubira alitoka Kagondo, karibu na mji, kwa watu wenye viatu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na aliimba akipika. Mama yetu alimpenda, lakini alimpenda kwa kumchunguza. Alitaka kuona kama msichana wa karibu na mji anajua kazi za nyumba ya Mhaya. Na kazi moja ilikuwa bado, kwa sababu msimu wake ulikuwa haujafika tangu harusi.

Kwetu, senene, wale panzi wa msimu wa mvua, ni chakula cha mwanamume lakini ni jasho la mwanamke. Kulipokuwa hakujakucha vizuri, wanawake walikwenda rweya, lile eneo la majani matupu nje ya vibanja, wakainama kwenye umande wakiokota mdudu mmoja mmoja. Bi harusi katika msimu wake wa kwanza humletea mumewe senene zilizofungwa vizuri kwa jani la mgomba, na mume hujibu kwa nguo. Zamani wanawake wenyewe hawakuzila kabisa. Ukiniuliza nani aliitunga sheria hiyo, nitakujibu kwamba kwa vyovyote hakuwa mwanamke. Lakini desturi ni desturi, na kifurushi kile cha kwanza kilikuwa kama cheti. Wakwe walikionyesha kwa majirani.

Msimu ulipofika, Koku alikuwa mja mzito, tumbo liko mbele yake kama ngoma. Mvua zilikuwa zikinyesha kila alfajiri. Mama hakumwamuru aende rweya. Mama yetu hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, mara moja au mbili, akimenya ndizi na kutazama pembeni, kwamba yeye mwenyewe alikwenda akiwa na mimba ya Jovin. Mwanangu, kuna maneno ambayo hayana kosa hata moja ndani yake na bado yanamchoma mtu.

Kisha siku moja Koku akatoa kikapu kimejaa. Senene nene, za kijani na za kahawia, nyingi kuliko za mwanamke yeyote wa mtaa wetu. Mama alipiga vigelegele. Akasema kwa mshangao, "Bojo, msichana wa Kagondo ametuaibisha," na akatembeza habari ile mpaka kisimani. Koku aliinamisha kichwa akitabasamu. Jovin akatoa nguo aliyokuwa ameificha darini, kitenge chekundu chenye maua ya njano, kilichomgharimu siku nzima ya kupanga foleni. Nilimwona Koku akikibana kifuani. Nilimwona pia Jovin akimtazama, na nikajisemea kwamba nami siku moja ningependa kumtazama mtu hivyo. Ilikuwa jioni ya furaha. Naieleza polepole kwa sababu haikufuatwa na nyingine.

Alfajiri iliyofuata uchungu ukamshika Koku kabla ya wakati wake, na kwa namna ambayo mkunga wetu wa kijiji, mama aliyepokea nusu ya watoto wa Buganguzi, alipoweka mkono tu alisema, "Gari." Jovin alikimbia kwa mwenyekiti, akachukua funguo, akakimbia ghalani. Nilifika nyuma yake nikihema. Alizungusha funguo. Gari lilitoa mlio mmoja mdogo, kama mtu anayebana ulimi kwenye meno. Akazungusha tena, na mlio ule haukuwepo.

Tulilisukuma. Hendeli ya kuzungushia injini ilikuwa imepotea tangu siku za mabwana wa kwanza. Tulilisukuma sisi wawili, kisha sisi watano, kisha wanaume kumi na kitu, matope yamefika magotini, kwenda chini na kurudi juu, na kila mara injini ilitikisika ikanyamaza. Betri ilikuwa imekauka kiasi kwamba hata cheche ya plagi haikupatikana. Jovin alikuwa ndani ameshika usukani. Mimi nilikuwa nasukuma upande wa mbele, karibu na taa zangu.

Mwishowe wanaume walikata miti, wakatengeneza machela, wakambeba. Walibadilishana mabega wakiteremka kilima kwa kilima mpaka barabara kubwa. Walingoja. Likaja lori la ndizi. Hospitali ya misheni walimpokea vizuri, na daktari alifanya kila alichoweza. Mtoto alipona. Koku hakupona.

Mtoto alirudi nyumbani amefungwa kwenye kitenge kile chekundu, kwa kuwa ndiyo nguo safi ambayo mama yake alikuwa amechukua.

Tukamzika Koku kibanjani, katikati ya migomba, kama inavyopasa. Nyumba ikatandikwa majani mapya, watu wakaja kulala matanga. Wanaume walikaa nje kuuzunguka moto, kahawa ya kutafuna ikapita mkono kwa mkono. Na kwa kuwa mwanadamu hawezi kukaa mbele ya kifo bila kutafuta kilikoingilia, maneno yakaanza. Hayakuanza kwa ubaya. Mzee mmoja alisema gari lile halikuwahi kukataa kuwaka namna ile kabla ya taa kuongezwa. Mwingine akasema ni kweli, taa za Muta zina njaa, mwenyewe alituambia. Mwenyekiti akaguna kwamba alijua tangu mwanzo, umeme wa kuongeza lazima utoke mahali. Kesho yake ilikuwa habari iliyokamilika: taa za msomi zimekula betri.

Muta ni mimi. Mutalemwa, kwa kirefu, jina la mtu asiyeshindwa. Wazazi wetu hutupa majina kwa matumaini.

Kaka yake Koku, aliyekuja kutoka Kagondo na suti nyeusi, alinifuata mwenyewe. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Zile taa ulizifunga ili nani aone, barabara au watu?" Akaondoka, na baba yao mzee, niliponyosha mkono kumpa pole, aliupita mkono wangu kama mtu anavyopita kisiki.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kuna kujikwaa kwa tatu, kwa jina, na huko ndiko kunakomuuma zaidi kijana. Usiku sikulala. Nilijua kazi yangu. Nilijua taa zile zisingeweza kuwaka bila funguo, na funguo ilikuwa kwa mwenyekiti. Basi kulipokucha nikachukua plasi na taa ndogo ya kupimia umeme nikaenda ghalani. Ndipo nilipoinua ile boneti.

Kazi yangu ilikuwa salama. Fyuzi nzima, rilei nzima, kila kiungo kilichofungwa tepu nyeusi kiko mahali pake. Lakini nyuma ya taa ya kushoto kulikuwa na waya mwingine, waya mwembamba wa redio, uliofungwa kwenye taa bila kupita kwenye rilei wala fyuzi. Upande wa pili ulikuwa umefichwa nyuma ya rejeta, urefu wake unatosha kabisa kufika kwenye betri. Mtu angeweza kuugusisha kwenye betri bila funguo yoyote, taa ikawaka injini ikiwa imelala. Na kwenye kioo cha taa, pamoja na tope, zilikuwa zimeganda mbawa ndogo ndogo nyembamba kama karatasi ya sigara. Mbawa za senene. Gari lile lilikuwa halijatembea usiku tangu petroli ianze kugawiwa kwa vibali.

Senene hupenda mwanga, mwanangu. Leo watu wanawategea kwa taa kubwa na mabati, wanajaza mapipa. Wakati ule kwetu lilikuwa bado jambo geni.

Nani aliyefanya, halikunichukua muda kujua. Aliyefunga waya ule hakuwa na tepu. Kiungo alikizungushia kamba ya mgomba, zile nyuzi kavu za kwenye shina, na akaimaliza kwa fundo la baba yetu. Fundo hilo Tata alitufundisha wote wawili, la kufungia vifurushi: mara mbili kulia, mara moja kushoto, ncha inaingia chini. Mimi lilinishinda. Langu hufunguka. Jovin alikuwa akilifunga amefumba macho.

Nikaona yote, pale pale. Kikapu kilichojaa. Msichana wa Kagondo aliyeinamisha kichwa. Jovin ghalani peke yake, taa inamulika shuka jeupe, anaokota senene ili mkewe asiiname kwenye umande, ili ampe kwa siri, naye mkewe ampe yeye hadharani. Alikuwa amejiletea senene zake mwenyewe kwa kupitia mikono ya mkewe. Na betri ikafa humo.

Ningependa kukuambia kwamba nililia. Sikulia. Niliukata waya ule nikafurahi. Niliukunja mkononi nikaanza kwenda matangani kwa hatua ndefu, nikipanga maneno. Nilipanga kuanza na rilei.

Nyuma ya nyumba nikamkuta Shangazi Adelina, dada mkubwa wa baba yetu, anafua nepi za mtoto. Alikuwa mjane, mnene, mwenye ulimi uliowafanya mapadri wamsalimie kwa mbali. Aliutazama uso wangu, kisha mkono wangu.

"Umeshika nini?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza haraka haraka, funguo, betri, mbawa. Alichukua waya, akaugeuza mpaka akafika kwenye fundo. Akalitazama fundo lile kwa muda mrefu. Yeye na Tata walifundishwa na mtu mmoja.

"Nani mwingine ameuona?"

"Hakuna. Nakwenda kuwaonyesha."

"Uwaonyeshe nini?"

"Ukweli, Shangazi. Wananisema mimi."

"Wanakusema," akakubali, akikamua nepi. "Na ukiwaonyesha, Koku ataamka?"

Nikaunyosha mkono niupate waya wangu.

"Keti."

Nikaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Akazungumza bila kuniangalia. Alisema nikiufungua mdomo wangu pale mbele, sitamhukumu Jovin peke yake. Nitamhukumu na mama, aliyepiga vigelegele juu ya kikapu kile, na vigelegele hivyo atavisikia mpaka atakapokufa. Nitamhukumu na marehemu, aliyedanganya uongo mmoja mdogo wa mapenzi, na watu wa Kagondo watasema binti yao aliuawa na mdudu wa Wahaya wa huku kwetu Muleba. Na yule mtoto ndani atakua akiambiwa kwamba mama yake aliuzwa kwa kikapu.

"Lakini si kosa langu," nikasema.

"Nani amesema ni kosa lako? Nimesema ubebe. Wewe mgongo wako ni mzima. Una chuo, una Dar es Salaam, una mahali pa kwenda. Wa Jovin umevunjika. Anayesaidia kubeba haulizwi gunia ni la nani."

Nikamwambia, kwa ufasaha wa shuleni, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, usio wako huuoni uzito. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niketi. Hakuwa ameona usufi maishani mwake, wala mimi sikuwa nimeuona.

"Sijui usufi," akasema. "Nachojua, ukweli una mwenyewe. Huu ni wa Jovin. Usiupeleke barazani. Matanga yakiisha, mpelekee mwenyewe, mketi wawili." Akanirudishia waya, akarudi kwenye nepi zake. "Na unawe uso. Unafanana na mtu aliyeokota pesa."

Niliuweka waya mfukoni. Mchana ule mwenyekiti aliniomba, kwa upole, niziondoe taa. Watu walikuja tena kutazama, kama siku ile ya kwanza, safari hii bila kucheka. Nikafungua kila kiungo nilichokifunga. Nikatoa fyuzi, nikatoa rilei, nikachomoa waya mmoja mmoja, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu aliyekosea. Jovin alisimama upande wa ghala, mtoto wake begani. Nilipofika kwenye taa ya kushoto alikuja hatua moja mbele. Akaona ule waya wake haupo. Macho yetu yakakutana, kisha akamrekebisha mtoto kitenge na kuondoka.

Tangu siku hiyo kijijini nikaitwa Bwana Taa. Watoto waliniimbia. Redio ya mtu ikiharibika, alitafutwa fundi mwingine, na mtu akisema "labda Muta" watu walitazamana. Baba yake Koku hakunipa mkono. Niliyameza, na nikajiona shujaa. Kila likizo nilirudi Buganguzi nikiwa na mwangaza kichwani wa mtu mwenye siri njema. Jovin aliacha udereva, akajifungia kibanjani. Aliogesha mtoto, akamsuka nywele vibaya, akamsomesha. Hakuoa tena. Msimu wa senene ukifika, alikwenda kukaa kwa rafiki yake visiwani mpaka uishe.

Nami sikusema naye kitu. Matanga yaliisha, na sikumpelekea. Nilijiambia kwamba ninamhurumia. Nilijiambia kwamba atakuja mwenyewe, kwani si ukweli ni wake? Mwenye kovu usidhani kapoa, walitufundisha, lakini mimi nilimwona analima, anakula, anakwenda misa, nikasema kapoa.

Shangazi alifariki. Mama alifariki, akiamini kikapu kile. Mtoto, Kemilembe, akakua, akawa mwalimu, akachumbiwa na kijana wa Ijuganyondo. Siku chache kabla ya harusi, mchana, nilikuwa nageuza kahawa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya baba yetu. Jovin akaja, akachukua reki ya pili, tukageuza pamoja. Alikuwa na mvi nyingi kuliko mimi. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa:

"Bado unao?"

Sikumuuliza anazungumzia nini. "Ninao."

"Siku ile ghalani nilijua umeuona."

"Nilijua unajua."

Aliendelea kugeuza kahawa ambayo ilikuwa imekwisha kugeuzwa. "Kila ulipokuja likizo, niliketi pale mlangoni nikisema, leo ataniuliza. Unaniletea sabuni, unaniletea magazeti. Huniulizi. Nikadhani umenihukumu ukamaliza, ndiyo maana hakuna la kusema."

"Nilikuwa nakusubiri uniambie, Kaka."

"Nilikuwa nimeua mke wangu, Muta. Ningeanzaje?"

Hapo ndipo nililia, mwanangu, kwa kuchelewa kwa miaka yote ile. Tuliacha reki, tukaketi kwenye ukingo wa mkeka. Alinieleza alivyowasha taa, alivyoogopa kila dakika, alivyosema moyoni aokote kidogo tu, kisha kidogo tena, kwa sababu zilikuwa zikianguka kama mvua na Koku angefurahi. Alinieleza Koku alivyocheka chumbani walipokuwa wakizifunga, amejiziba mdomo kwa mkono ili mama asisikie. Kicheko kile alikuwa amekaa nacho peke yake miaka yote hiyo, hana wa kumwambia. Mimi, niliyejiona nimebeba gunia lake, nilikuwa nimebeba jina langu tu. Gunia lilikuwa kwake.

Nilimletea waya, akauchukua. Alimweleza Kemilembe mwenyewe, na akasafiri hadi Kagondo kumweleza yule mzee, baba yake Koku, ambaye alikuwa kitandani na macho yamepungua. Sijui walisema nini. Najua kwamba harusini mzee yule alibebwa kwenye kiti, na nilipopita mbele yake alinyosha mkono hewani, akiutafuta wangu.

Jovin hakukaa sana baada ya hapo. Tumemlaza karibu na Koku.

Msimu uliofuata Kemilembe alifika kwangu kutoka Ijuganyondo, akapiga magoti kidogo kama alivyolelewa, akanipa kifurushi cha jani la mgomba. "Baba mdogo," akasema, "hizi ni zako. Nimezinunua sokoni, usije ukanisifu." Kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya mgomba, mara mbili kulia, mara moja kushoto, ncha imeingia chini. Nilishindwa kukifungua. Bado nadaiwa kitenge.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukiona kosa la ndugu yako, usilipeleke barazani kujisafishia jina. Jina hufuliwa, mtu hafuliwi. Hilo Shangazi aliniambia nami nikalishika, nikasifiwa na moyo wangu mwenyewe. Lakini nasaha ilikuwa na nusu ya pili, nami niliiacha pale kwenye kinu, kwa sababu ile ya kwanza ilinipa fahari na hii ya pili ilitaka niketi karibu na maumivu ya mtu. Ficha kosa lake mbele za watu, ndiyo. Kisha mwendee. Usimsubiri aje. Mwenye mzigo mzito hawezi kubisha hodi, mikono yake imejaa. Mwambie, nimeuona waya wako, na bado wewe ni kaka yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga bado anaweza kukaushwa.

Mungu akupe mgongo wa kubeba na miguu ya kwenda. Akupe nyumba ambayo ndani yake mtu akikosea atakuwa na mlango wa kugonga, na wewe uwe umekwisha kuufungua. Uokote chako alfajiri bila kuumia, ucheke chumbani bila kuziba mdomo, na siku ukungu utakapoishukia barabara yako, pasikosekane mtu wa kukumulikia.